Kioo cha Mbele Kiachiwe Barabara

Magari mengi ya kazi ninayopishana nayo kati ya Kasese na Bwera yamebandikwa simu katikati ya kioo cha mbele. Land Cruiser za miradi, Hilux za wanunuzi wa kahawa, Prado za wakubwa, hata RAV4 zinazobeba abiria wa mpakani: mpira mweusi umenyonya kioo, kijiti kimetoka humo, simu imelazwa juu ya kijiti, na dereva anachungulia pembeni mwa simu ili aone anakokwenda. Mahali hapo si pa simu. Katika gari la kupanda milima, kishikio kifungwe chini ya ukingo wa kioo, kushoto kwa usukani, kwa skrubu, na shingo yake iwe fupi. Huo ndio msimamo wangu, na sababu zake nyingi zimo katika barabara hii hii ya Kasese, Kikorongo, Bwera na Mpondwe.

Naendesha mwenyewe. Kazi yangu ni ya chanjo: kuzitoa Kasese, kuzifikisha vituo vya afya vya mlimani na vya tambarare hadi Bwera, na kuhakikisha friji zinafanya kazi. Gari ni Land Cruiser Hardtop ya siku nyingi, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, dashibodi fupi, kioo kimesimama wima karibu kabisa na uso wa dereva. Simu siwezi kuizima njia nzima. Muuguzi akipiga kusema friji imekufa tangu usiku, chanjo inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 haiwezi kungoja nirudi Kasese jioni ndipo nisome ujumbe wake. Kwa hiyo sitawaambia madereva watupe simu. Nazungumzia mahali pa kuiweka.

Kanuni za Uganda zinamkataza dereva kushika simu mkononi gari likitembea, na hilo nakubaliana nalo kabisa. Tatizo ni jinsi tulivyolipokea. Watu walikimbilia dukani kununua kishikio, wakaona wamemaliza. Mikono yote miwili iko kwenye usukani, afande kizuizini haoni kosa, safari inaendelea. Hakuna anayeuliza ile simu sasa imekaa wapi, inaficha nini, na itaangukia wapi gari likipiga tuta.

Tuanze na inachoficha. Chukua rula. Simu za siku hizi zina urefu wa sentimita 16 hivi na upana wa karibu sentimita 8. Kwenye Hardtop, simu iliyobandikwa kiooni huwa kama sentimita 60 kutoka machoni mwa dereva. Ikilazwa, hata ukitazama kwa macho yote mawili, mita 30 mbele inafunika eneo lenye upana wa karibu mita 5. Hapo linajificha gari zima lililokingama barabarani. Ikisimamishwa eneo hilo linapungua, kwa sababu jicho moja linaona kile ambacho jingine limezibiwa. Kinachopotea kwa macho yote mawili ni pungufu ya mita moja. Madereva huniambia hiyo si kitu. Lakini upana huo ndio wa bodaboda inayokuja ikikutazama, na ndio wa mtoto aliyebeba dumu la maji. Kisha mambo hayajasimama: gari lako linakwenda na pikipiki inakwenda. Ikitokea njia ya pembeni kwa mwendo unaooana na wako, inaweza kubaki nyuma ya simu ile ile sekunde baada ya sekunde, hadi mnakutana. Nguzo za pembeni za kioo huficha vitu kwa namna hiyo hiyo, na kila dereva mzoefu hujifunza kusogeza kichwa ili azizunguke. Kuongeza nguzo nyingine katikati, kwa hiari yako na kwa fedha zako, sioni faida yake.

Sasa tazama barabara yenyewe. Kutoka Kasese kushuka hadi Kikorongo unapita kwenye hifadhi ya Queen Elizabeth. Swala aina ya kob hutoka majanini bila kukuarifu, ngiri hukimbia mkia juu, na jioni tembo huvuka bila haraka. Wengi wanatokea pembeni. Wachache wanakusubiri katikati ya lami. Ukikata kulia Kikorongo kuelekea magharibi, hadi mpakani ni chini ya kilomita 40, na karibu njia nzima watu wanatembea ukingoni. Kinyamaseke, Kisinga, na vituo vidogo vyote vya katikati: mbuzi, baiskeli zenye mikungu ya matoke, wanafunzi wa mchana, akina mama wanaokwenda sokoni. Jumanne na Ijumaa, siku za soko la Mpondwe, ukingo wa barabara huwa umejaa tangu alfajiri. Sisi huku tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukingo wa karibu nawe ni wa kushoto, na simu iliyobandikwa katikati ya kioo inakaa upande huo huo unaotakiwa kuutazama zaidi.

Halafu kuna mpaka, na hapo ndipo hoja yangu inaposimama imara kuliko mahali pengine.

Uganda tuliachiwa na Waingereza mwendo wa kushoto; Kongo waliachiwa na Wabelgiji mwendo wa kulia. Ukivuka daraja la mto Lhubiriha pale Mpondwe ukaingia Kasindi, unahama upande wa barabara huku usukani wako ukibaki kulia. Dereva aliyekuwa amekaa karibu na mstari wa katikati sasa amekaa karibu na mtaro. Magari yanayokuja yanapita kushoto kwake, upande wa abiria. Ukitaka kulipita lori la Fuso linaloelekea Beni, lazima utazame kioo chote kutoka kulia hadi kushoto, na katikati ya mtazamo huo ndipo wenzetu walipoweka simu. Simu iliyoficha wapita njia wa Kisinga inaficha malori ya Kasindi.

Wako wanaojibu kwamba basi tuihamishie kona ya kulia, chini, karibu na nguzo ya mlango wa dereva. Nimeipima hiyo pia. Huku kwetu, kila kona inayokata kulia unaitazama kupitia karibu na nguzo hiyo, na kwenye barabara za kupanda milimani, kona za kulia ndizo zinazokuletea pikapu yenye kahawa na watu juu ya kahawa, imechukua katikati ya njia. Ukiongeza simu kwenye nguzo, umeifanya nguzo iwe nene maradufu. Ukivuka Kongo, kona hiyo hiyo ya kulia ndiyo ya wapita njia. Kwa hiyo simu ikikaa kiooni katikati ina hasara Uganda na ina hasara nyingine Kongo. Ikikaa kiooni kulia ni vivyo hivyo. Chini ya kioo ndipo mahali pekee panapofaa pande zote mbili za daraja. Na daraja hilo watu wanalivuka kwa wingi. Juni 2021 Rais Museveni na Rais Tshisekedi walizindua pale pale Mpondwe mradi wa barabara za kuingia Kongo, ikiwemo ya Kasindi hadi Beni yenye kilomita 80. Barabara ikipata lami, mwendo unaongezeka, na nafasi ya kusahihisha kosa inapungua.

Mpakani pana jambo jingine ambalo wageni hawalijui. Saa za Beni na Kasindi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Simu ikishika mtandao wa upande wa pili inabadilisha saa yenyewe, inapokea ujumbe wa makaribisho, inapokea bei za kupiga na kutumia intaneti, na pengine programu ya ramani inaanza kutafuta njia upya. Yote haya hutokea dereva akiwa anahama upande wa barabara katikati ya watu, mikokoteni na malori. Wakati mwingine hata kuvuka hujavuka. Uko Bwera mjini unanunua mafuta, na simu tayari imeshika mnara wa ng'ambo. Simu iliyo usawa wa macho inakuwakia usoni kila ujumbe unapoingia, na jicho la binadamu haliwezi kujizuia kufuata kinachowaka. Iliyo chini, pembeni mwa saa ya mwendo, inawaka huko chini. Mimi huzima mtandao wa nje na kuiwekea simu saa ya Uganda kabla sijafika sokoni, na namshauri kila anayevuka afanye hivyo gari likiwa limesimama.

Nchi nyingine zimelifikiria suala la kioo. California, kule Marekani, sheria inaruhusu kubandika kifaa kiooni ndani ya mraba wa inchi 7 tu kwenye kona ya chini upande wa abiria, au inchi 5 kwenye kona ya chini upande wa dereva, tena pasiwe mbele ya mfuko wa hewa. Tangu 2017 wanadai pia kwamba simu iwe imefungwa kwenye kishikio na dereva aiguse mara moja tu, au atelezeshe kidole juu yake mara moja tu. Naheshimu kwamba waliketi wakapima kwa inchi. Lakini kona ya chini upande wa abiria huku kwetu ndiyo kona ya mtoto aliye ukingoni, na boneti ndefu ya Hardtop imekwisha kumficha kiasi. Kipimo chao siwezi kukichukua kilivyo.

Tena suala la urefu wa dereva linasahaulika kila mara. Mimi ni mfupi. Kiti nimekivuta mbele hadi mwisho, na macho yangu yako chini zaidi ya ya mwenzangu ambaye tunapokezana gari. Yeye akiweka simu juu ya dashibodi, anaiona ikiwa chini ya barabara; nikikaa mimi, simu ile ile imepanda hadi katikati ya lami. Magari ya kazi yanaendeshwa na watu wengi. Kishikio kilichofungwa kumfaa mrefu kinamziba mfupi, na mfupi akikisogeza kila asubuhi, mpira wa kunyonya unachoka upesi zaidi. Kikiwa chini ya ukingo wa dashibodi hakimzibi yeyote.

Na mpira wenyewe. Mimi ni mtu wa nyuzijoto, siku zangu zinapita nikisoma vipimajoto, kwa hiyo naomba niaminiwe katika hili. Tambarare ya kati ya ziwa George na ziwa Edward ni ya joto kali. Gari likisimama juani nje ya stoo saa saba mchana, kioo kinachemka, mpira unalainika, hewa iliyonaswa chini yake inatanuka, na vumbi lililokuwa pembeni linaingia. Kwa muda unashika. Kisha unafika kwenye matuta ya kituo cha biashara, au kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo inayotetemesha gari zima, na unaachia. Kuanguka kwenyewe si tatizo; tatizo ni simu inapoishia. Ikiteleza ikaingia kwenye pedali, dereva anainama kuitafuta, na gari linakwenda bila mtu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linapita mita 22 kila sekunde. Utafiti wa magari 100 uliofanyika Virginia, Marekani, ambao matokeo yake yalitolewa 2006, ulionyesha kwamba macho yakiondoka barabarani zaidi ya sekunde 2, hatari ya ajali au ya kukosakosa ajali inaongezeka maradufu. Sekunde 2 ni mita 44. Hakuna aliyeokota simu chini ya klachi kwa sekunde 2.

Simu nayo inaumia. Apple wanaandika kwamba iPhone imetengenezwa itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Nyuma ya kioo kinachopigwa na jua hewa inapita hapo mapema sana, na simu inafifisha mwanga wake, inaacha kuchaji, mwisho inajizima. Asubuhi ukitoka Bwera kurudi Kikorongo jua liko usoni. Jioni ukienda Bwera jua liko usoni tena. Simu iliyo juu inapigwa na jua moja kwa moja nyakati zote hizo, nawe unaongeza mwanga wa skrini ili uione, na joto linazidi. Chini ya ukingo wa dashibodi kuna kivuli, skrini inasomeka kwa mwanga mdogo. Usiku tofauti ni kubwa zaidi, kwa sababu kioo cha wima kinarudisha mwanga wa simu machoni, na kwenye giza la hifadhi jicho lililozoea skrini haliwezi kumwona kiboko mwenye rangi ya lami.

Vishikio vya kubana kwenye matundu ya hewa sivikatai kabisa. Viko chini ya kioo, na gari lenye AC linapoza simu. Kwa gari la mjini vinatosha. Lakini vile vijiti vya plastiki vya matundu havikutengenezwa kubeba mzigo unaoruka. Barabara ya kwenda Kilembe, tangu mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, imefundisha kila mtu hapa maana ya kuendesha juu ya mawe ya mto. Kijiti kinavunjika. Kisha mlimani mvua ya baridi ikipiga, unafungulia hewa ya moto kuondoa ukungu kwenye kioo, na moto huo unaipiga simu mgongoni.

Kuweka simu kwenye kishikio cha kikombe, au katikati ya viti, ni kuishusha mno. Macho yanashuka hadi magotini, kichwa kinafuata, na barabara inapotea yote.

Basi mahali penyewe nilipopachagua ni hapa: kushoto kwa usukani, kati ya saa za dashibodi na redio, sehemu ya juu ya simu ikiwa chini ya ukingo wa dashibodi. Simu inalala, haisimami, ili isipite ukingo. Fundi wa kuchomelea hapa Kasese, mzee mwenye subira, alinikatia bati la chuma la milimita 3, akalikunja, akalipiga tupa kingo zote zikawa laini kwa sababu goti la dereva liko karibu na katika ajali goti huenda mbele. Hatukutoboa dashibodi ovyo. Tulifungua kwanza fremu ya redio, tukaona nyaya zinapopita, tukatumia skrubu zilizokuwepo tayari. Kati ya chuma na plastiki akaweka kipande cha tyubu ya zamani kupunguza mtetemo. Shingo ya kishikio haizidi urefu wa kidole, maana shingo ndefu huzidisha kila mtikisiko, na simu inayotikisika unaisoma kwa muda mrefu zaidi. Mtetemo si wa kudharau: Septemba 2021 Apple walitoa onyo kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za baadhi ya simu zao. Ndugu zangu wa bodaboda wanaofunga simu kwenye usukani wa pikipiki nao walisikie hilo.

Kabla ya kukaza skrubu za mwisho, tulikaa kitini mmoja mmoja, mkanda umefungwa. Mkono wa kushoto uguse gia ya kwanza, ya tatu, ya tano, na kijiti cha four-wheel, bila kugonga simu. Uufikie wenzo wa waipa, ambao kwenye magari haya ya Kijapani uko kushoto, na swichi ya taa za hatari. Bega lisitoke kwenye kiti wakati kidole kinagusa simu. Kisha mwenzangu akatembea mbele ya gari, polepole, kutoka taa ya kushoto hadi taa ya kulia, nami nikitazama kama kuna mahali anapotea kwa sababu ya simu. Tukabadilishana. Waya wa chaji ukapita nyuma ya fremu, usikatize usukani wala gia. Kazi yote ilimalizika kabla ya chakula cha mchana.

Kwa Hilux na Prado za karibuni kuna la kuongeza. Soma maandishi SRS AIRBAG yalipoandikwa: kwenye usukani, kwenye dashibodi mbele ya abiria, na magari mengi yanayo hata kwenye nguzo za pembeni. Mfuko wa hewa hujaa chini ya moja ya kumi ya sekunde, na chochote kilicho mbele yake kinarushwa kwa nguvu hiyo kuelekea nyuso za watu. Kishikio kisikae hapo hata kwa siku moja.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo ni ya kweli, na nimebishana nayo sana na mwenzangu. Anasema simu iliyo juu haishushi macho, kwa hiyo unaitazama huku barabara ukiiona kwa pembeni. Kwenye gari dogo lenye dashibodi ndefu, kioo kilicholala na barabara pana, huenda ana haki. Kwenye Hardtop ukingo wa dashibodi uko karibu sana na usawa wa macho. Mahali nilipoweka simu ni kina kile kile cha saa ya mwendo, na mtengenezaji wa gari ndiye aliyeamua kwamba dereva anaweza kushusha macho hadi hapo na kuyarudisha. Jambo ambalo haliwezi kusomwa kwa muda wa kusoma mwendo wa gari halipaswi kusomwa gari likitembea, simu iwe juu au chini.

Kuongea ni jambo jingine na kusoma ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi wanapoharibu hata kishikio kizuri. Injini ya dizeli ya Hardtop inanguruma, madirisha yako wazi, mtu wa upande wa pili hasikiki, na dereva anaing'oa simu kuiweka sikioni. Suluhisho ni kutenganisha sikio na jicho. Kispika kidogo cha bluetooth kinachobanwa kwenye kizuia jua, juu ya kichwa, kinaleta sauti karibu na sikio na kinachukua maneno karibu na mdomo. Simu yenyewe inabaki chini imetulia. Nikipigiwa, naitikia, nasema nimesikia na nitapiga, nakata. Ndani ya hifadhi sisimami. Nasimama Kikorongo au mahali penye nafasi nje ya lami, ndipo naongea. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana hatari ya ajali mara nne hivi kuliko asiyetumia, na kwamba kutoishika mkononi hakupunguzi sana hatari hiyo, kwa sababu akili imeshahama. Naamini hivyo kwa sababu najiona: mtu akinieleza friji imeharibikaje, nakuwa kwenye friji.

Sasa niseme kwa nini simu zimejaa kwenye vioo, maana madereva si wajinga. Gari la kazi si mali ya dereva. Ni la mradi, la kampuni, la ofisi, la bosi wa Kampala. Siku ya kukabidhi gari, mtu wa ofisi anazunguka nalo na karatasi akihesabu mikwaruzo, na tundu moja kwenye dashibodi linaweza kukatwa kwenye mshahara. Kwa hiyo dereva ananunua, kwa fedha yake, kile ambacho hakiachi alama. Kioo hakiachi alama. Hofu ya tundu la skrubu ndiyo iliyopandisha simu machoni pa dereva. Nimemsikia muuzaji wa Bwera akimwambia kijana wa Hilux, "Hiki kinanyonya tu, bosi wako hatajua." Kijana akalipa.

Ndiyo maana maneno yangu hasa ni kwa wenye magari. Mnaponunua gari mnaandika tairi la akiba, jeki, kizima moto, redio. Andikeni na kishikio, kifungwe na fundi mahali palipopimwa na wanaoliendesha, na mtoe ruhusa ya maandishi ya skrubu zake ili dereva asidaiwe. Gharama ya bati na kazi ya fundi ni ndogo kuliko tairi moja. Na mnaompigia dereva mara tatu mfululizo mkijua yuko kati ya Kisinga na Bwera siku ya soko, mpigieni mara moja, mngoje. Polisi wa barabarani wakisimamisha gari na kuangalia bima na matairi, watazame kioo pia: chochote kilichobandikwa katikati kiondolewe hapo hapo.

Madereva wa special hire, yaani teksi za kukodi, wenye RAV4 na magari madogo kutoka Japani, ambao magari ni yao na hawataki kutoboa, wana njia rahisi. Mengi ya magari hayo bado yana redio ya CD isiyotumika tena. Kuna vishikio vinavyochomekwa kwenye tundu la CD na kukazwa kwa kugeuza skrubu moja. Havitoboi, haviangushwi na joto, na vinakaa chini ya kioo. Kabla ya kununua, chomeka dukani kwenye gari lako, weka simu, weka gia ya nyuma na ya kwanza uone kama mkono unapita, kaza hadi kisicheze, kisha zunguka nacho kwenye matuta ya mjini kabla ya kulipa.